Kabla hujalipia Office, uliza siku ukiacha kulipa itakuwaje

Mama mmoja wa Kihonda aliingia dukani kwangu Ijumaa jioni. Harusi ya mwanawe ilikuwa imesogezwa mbele wiki mbili kwa sababu ya msiba, naye alitaka kadi zilezile, tarehe tu ibadilike, nakala mia moja na hamsini. Kazi ya dakika tano. Nikawasha kompyuta, nikabofya faili, likatokea tangazo: muda wa leseni umekwisha, lipia ili uendelee. Faili lipo, jina lake naliona, nimelitengeneza mwenyewe, lakini halifunguki.

Programu ile ilikuwa ya kutengeneza kadi na fomu na kuhariri PDF. Jina lake silitaji, na haimo katika orodha iliyopo hapa chini. Niliilipia mwaka mzima, nikaitumia kwa bidii wiki mbili za mwanzo, baadaye ikabaki kwenye kompyuta miezi inapita bila kuguswa. Mwaka ulipokwisha nikaacha kulipia, nikijua nimepoteza hela ya mwaka mmoja na yameisha. Kumbe ilikuwa inahifadhi kazi kwa aina yake yenyewe ya faili, aina ambayo programu nyingine haiisomi. Usiku ule nilikesha nikiipanga kadi upya, herufi kwa herufi, kwa kutazama nakala moja ya karatasi aliyobaki nayo yule mama.

Nina steshenari hapa Morogoro. Tunachapa barua, tunatoa kopi, tunabaindi ripoti za wanafunzi, na msimu wa harusi tunatengeneza kadi za michango. Wanafunzi na wenzangu wa steshenari huniuliza kila mara wanunue Office ipi, yaani zile programu za kuandikia na kupigia hesabu kama Word na Excel. Mambo ya kasi na ukubwa wa memori fundi yeyote atakueleza. Mimi nina swali moja, nalo wauzaji hawaligusi kabisa: siku utakapoacha kulipa, au siku bando litakapokata, mafaili yako yatakuwa katika hali gani?

Namba moja: Office 2024 ya kulipa mara moja

Hii ndiyo ninayoitumia na ndiyo ninayompendekezea kila mtu, na sifichi kwamba naipendelea. Microsoft waliitoa Oktoba 2024. Ya Home ina Word, Excel, PowerPoint na OneNote, na bei yake Marekani ilikuwa dola 149.99. Ya Home & Business inaongeza Outlook na ina ruhusa ya kutumika kwenye biashara; hiyo ilikuwa dola 249.99. Mwenye duka kama mimi anunue hiyo ya pili.

Unalipa mara moja, unaiweka kwenye kompyuta moja, unaiwasha kwa intaneti na akaunti ya Microsoft, basi. Baada ya hapo umeme uwepo tu, kazi inaendelea. Bando likiisha, kadi ya benki ikiisha muda, mwezi ukiwa mbaya dukani, Word inafunguka na unaandika. Marekebisho ya usalama yataendelea kuja mpaka Oktoba 2029. Hata baada ya hapo programu haizimiki, inakuwa tu haipati tena marekebisho.

Kasoro zake nazijua. Vitu vipya vya akili bandia wanavyopewa wanaolipa kila mwezi huvipati. Toleo jipya likitoka, unalinunua upya. Na pesa yenyewe ni nyingi kuitoa kwa mkupuo. Mimi niliikusanya kwenye kikoba miezi mitano. Lakini piga hesabu. Kifurushi cha mtu mmoja cha Microsoft 365, yaani Office ile ya kulipia kila mwezi au mwaka, kilipandishwa Marekani Januari 2025 kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka. Ukikilipia miaka mitatu unakaribia dola mia tatu, na mwaka wa nne unaanza tena kudaiwa.

Namba mbili: Microsoft 365, kwa familia peke yake

Ile ya Family naielewa. Inatumiwa na watu hadi sita, kila mmoja na hifadhi yake ya terabaiti moja. Nyumba yenye baba, mama na watoto wanne wanaosoma, wote wana kompyuta na wote wanaandika, inaipata faida yake, hata baada ya bei kupanda kutoka dola 99.99 hadi 129.99. Mtu mmoja anayeandika barua tatu kwa wiki asiiguse.

Sasa lile swali langu. Ukiacha kulipa, Word na Excel hazifutiki, ila zinabaki za kutazama. Unaweza kufungua faili na kuliprinti, lakini huwezi kubadilisha hata nukta. Tarehe ya kadi ya harusi huibadilishi. Halafu, hata ukiwa umelipa, kompyuta inatakiwa iingie intaneti takriban mara moja kila mwezi ili ithibitishe malipo. Mwalimu wa kijijini asiye na mtandao alijue hilo kabla hajatoa hela yake.

Kuna na OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Ya bure ni gigabaiti tano. Ukiwa umeijaza terabaiti yako picha na kazi kisha ukaacha kulipa, umezidi kiwango, huwezi kuongeza kitu, na ukikaa hivyo muda mrefu Microsoft wana haki ya kufuta. Kwa hiyo kabla hujasitisha, shusha kila kitu kwenye diski yako kwanza. Wengi hufanya kinyume, wanasitisha ndipo wanakumbuka picha za marehemu mama zilikuwa kule.

La mwisho kwa wanaolipa tayari. Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani ya Australia, ACCC, iliishtaki Microsoft kwamba ilipopandisha bei na kuingiza Copilot, yaani akili bandia yake, haikuwaambia wateja wapatao milioni 2.7 waziwazi kuwa kulikuwa na kifurushi cha zamani, kinachoitwa Classic, kwa bei ileile ya awali. Kwa maelezo ya mashtaka, kifurushi hicho kilijitokeza pale tu mteja alipoanza hatua za kusitisha. Microsoft waliwaomba radhi wateja wa Australia na kuwapa nafasi ya kurudishiwa tofauti. Kwa hiyo kabla hujahuisha mwaka mwingine, ingia kwenye akaunti yako, anza hatua za kusitisha, usome unachoonyeshwa kabla ya kubofya mara ya mwisho.

Publisher, na hili ni kwa wenye steshenari

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu steshenari nyingi ninazozijua kadi zake zote ziko kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi. Programu hiyo Microsoft wametangaza mwisho wake: Oktoba 2026. Wanaolipia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua wala kuhariri mafaili yake kwa Publisher baada ya hapo. Wenye Office ya zamani ya kulipa mara moja yenye Publisher ndani, programu yao itaendelea kufunguka ila bila msaada wowote. Na Office 2024 niliyoisifia hapo juu haina Publisher. Msije mkainunua kwa ajili ya kadi mkanilaumu.

Nina folda za kadi tangu 2014: harusi, ubatizo, kipaimara, maulidi, arobaini. Kila faili linaishia na .pub. Mteja wa 2017 hurudi akitaka kadi ya mdogo wake ifanane na ya dada yake, na hiyo ndiyo inayomfanya apite steshenari tatu njiani kuja kwangu. Mafaili hayo yakigoma kufunguka, kadi zangu za miaka yote hiyo zimekwenda.

Cha kufanya: fungua kila faili ungali unaweza, lihifadhi kama PDF. Kwenye PDF mpangilio unabaki sawa kwa kuprinti. Word inaweza kuifungua PDF na kuigeuza, lakini maua na fremu huhama mahali pake, kwa hiyo kadi unazozirudia mara kwa mara zipange upya kabisa kwenye Word. LibreOffice nayo, programu ya bure nitakayoieleza hapa chini, kupitia sehemu yake ya Draw, inafungua .pub. Mapambo mengine yanavurugika, ila maneno unayapata.

Za bei ya chini

LibreOffice ni ya bure, inaendelezwa na The Document Foundation tangu 2010, na kwa swali langu haina tatizo, kwani hakuna siku ya kuacha kulipa. Huwa naiweka kwenye kompyuta za wanafunzi wasio na hela. Tatizo langu nayo ni ripoti inayotoka Word ikiingia kule, jedwali linasogea na namba za kurasa zinaruka, na msimamizi wa chuo hataki kusikia sababu. Google Docs ni nzuri kama una bando. WPS ya bure ina matangazo, na siwezi kufanya kazi mteja amesimama mgongoni kwangu huku matangazo yanaruka kwenye skrini.

Hizi leseni za mjini

Kabla sijanunua halali, nilinunua kwa kijana mmoja mwenye duka la kompyuta. Shilingi elfu thelathini na tano. "Mama, hii ni ya maisha, hutanitafuta tena," akaniambia. Ikafanya kazi vizuri, nikawaelekeza kwake na wenzangu wawili. Baada ya miezi sita na siku chache, juu ya Word ukaja ukanda mwekundu. Nikampigia, simu inaita haipokelewi. Nikaenda dukani, nikaambiwa amehama.

Baadaye fundi mwaminifu alinifafanulia. Zipo leseni za makampuni na vyuo zinazowashwa kwa njia iitwayo KMS, ambapo kompyuta inaripoti kwenye seva ya taasisi, na kila uwasho unadumu siku 180. Mfanyakazi aliye ndani ya taasisi hajui hata kama jambo hilo lipo, kwa kuwa kompyuta yake inaripoti yenyewe. Mimi niliye dukani kwangu, seva ile siioni, siku 180 zikiisha nimebaki na ukanda mwekundu. Kwa hiyo maisha niliyouziwa yalikuwa miezi sita, na yule kijana alilijua hilo wakati anapokea hela yangu.

Kilichoniuma zaidi ni wale wenzangu wawili walionunua kwa neno langu. Mmoja ni mjane, ana kompyuta moja, na ilimzimikia wiki ya usajili wa wanafunzi.

Kwa hiyo ukinunua mjini, fanya hivi. Fungua Word mbele ya muuzaji, nenda File, kisha Account, usome jina la bidhaa. Ukiona LTSC Professional Plus, hiyo huuzwa kwa mikataba ya taasisi tu, haikupasa kuwa mkononi mwa mtu mmoja. Ya kwako inapaswa kusomeka Home 2024 au Home & Business 2024, na iwe imefungwa kwenye akaunti yako wewe. Akaunti ya fundi usiikubali, maana siku mkikosana au akihama, leseni ni yake. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Anayekwambia mashine ni mbovu leo, mwambie utarudi kesho.

Na hili la dola limezidi. Unaingia duka la Morogoro, muuzaji Mtanzania, mnunuzi Mtanzania, halafu kwenye karatasi ya bei imeandikwa dola, na kiwango cha kubadilisha anakijua mwenyewe. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni. Mwambie akupe bei ya shilingi, iandikwe hivyo kwenye risiti. Mimi nimesema hivyo maduka mawili. Moja walinuna, lingine wakanipunguzia.

Jaribio kabla ya kulipia

Programu yoyote ile, iwe ya hesabu, ya kadi au ya PDF, nyingi zina muda wa kujaribu bure. Siku ya kwanza tu, tengeneza kazi moja ya kweli, ihifadhi kwenye flashi, upeleke kwenye kompyuta ya jirani isiyo na programu hiyo. Ikifunguka na ukaweza kuibadilisha, endelea kuijaribu. Isipofunguka, tafuta kama ina njia ya kutoa faili kwa .docx, .xlsx au PDF, na ujaribu njia hiyo palepale. Isipokuwepo, usinunue hata kama ni nzuri kiasi gani. Halafu zima intaneti, uifungue tena uone.

Kama wametaka namba ya kadi ili ujaribu bure, andika tarehe ya mwisho ukutani, siku tatu kabla. Mimi natumia kadi ya mtandaoni ya simu na naiwekea kiasi cha malipo yale tu, ili wakija kukata mwaka wa pili bila kuniuliza wakute hamna kitu.

Mama wa Kihonda alizichukua kadi zake Jumamosi saa nne asubuhi. Zilitofautiana kidogo na za kwanza, ua la kona ya juu sikulipata lile lile, naye aliliona ila akanyamaza, akanilipa. Kadi yake sasa ipo kwenye Word na kwenye PDF, katika flashi mbili. Zile za Publisher nimezigeuza hadi folda ya 2019.