Kukodi baiskeli kwenye vilima vya Morvan, Ufaransa: uzoefu wangu

Huduma ninayoizungumzia ni ya kukodi baiskeli za safari na kupelekewa mizigo kutoka hoteli hadi hoteli. Eneo ni Morvan, vilima na misitu ya Bourgogne, kusini-mashariki ya Paris. Kampuni siitaji. Tulipokea baiskeli Avallon na kuzirudisha Autun, na katikati tulipita Vézelay, Lormes, ziwa la Settons, Château-Chinon na Mont Beuvray.

Morvan si Alpi. Kilele chake cha juu kabisa, Haut-Folin, kina mita 901. Lushoto mjini, nilikozaliwa, ni juu zaidi ya hapo. Ila mwendesha baiskeli hachoshwi na urefu wa kilele, anachoshwa na kupanda mara kwa mara. Mito ya huko, Cure, Cousin, Yonne na mingine midogo, imechimba mabonde, na barabara nyingi za vijijini haziyafuati mabonde hayo, zinayakata. Unashuka hadi darajani, unavuka, unapanda msituni hadi kijijini, kisha unashuka tena. Siku ya kilomita 45 inaweza kukupandisha jumla ya mita 900 bila kuona kitu cha kuitwa mlima. Kwa hiyo ukipewa ratiba yenye kilomita peke yake, dai pia mita za kupanda za kila siku. Yetu ilikuwa na kilomita na nyota za ugumu, na sijui nyota hizo zilipangwa na nani, maana siku ya nyota mbili ndiyo iliyotutoa jasho kuliko zote.

Sasa baiskeli yenyewe. Yangu ilikuwa ya kawaida, isiyo na mota, ya gia 27: magurudumu ya meno matatu mbele na tisa nyuma. Watu husikia "gia 27" wakaridhika, lakini hesabu hiyo haikuambii kitu. Muulize mwenye duka gia ndogo kabisa ya mbele ina meno mangapi, na kubwa kabisa ya nyuma ina mangapi. Yangu ilikuwa 26 mbele na 34 nyuma. Maana yake ukizungusha pedali mzunguko mmoja, gurudumu halimalizi hata mzunguko wake, linakwenda kama robo tatu tu, yaani mita moja na nusu na ushei. Ni mwendo wa konokono, lakini unapanda ukiwa umekaa, unapumua, na magoti hayalalamiki usiku. Namba ya mbele ikiwa kubwa kuliko ya nyuma, omba baiskeli nyingine, hasa kama utabeba mabegi mwenyewe. Kwa upande huu kampuni naipa alama zote: cheni ilikuwa mpya, karia imara, madigadi marefu ya kuzuia tope, na siti haikunipa shida.

Mke wangu alichukua ya umeme. Mjadala wetu wa njia nzima ulikuwa huo: je, mota inafaa? Kwa sheria za Ulaya mota ya baiskeli ya namna hii haizidi wati 250, na inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Lazima upige pedali, haikubebi kama pikipiki. Kwenye mwinuko wa kwenda Vézelay kutokea Saint-Père alinipita akiimba, kisha akanisubiri juu na kuniuliza, "Baba Imani, huna gia nyingine huko chini?" Sikujibu. Lakini mota ina gharama zake. Bei ya kukodi ilikuwa karibu mara mbili ya yangu. Baiskeli ina uzito wa kilo 25 hivi, na kuipandisha kwenye behewa la treni ni kazi ya watu wawili. Betri nayo inaisha haraka kwenye vilima kuliko ilivyoandikwa kwenye tangazo, kwa sababu huko hakuna tambarare ya kuipumzisha. Alijifunza kutumia nguvu ya chini kabisa asubuhi na kubakiza umeme kwa miinuko ya mchana. Kama hujazoea kuendesha, au mnaosafiri pamoja mna nguvu tofauti, chukueni ya umeme, inaokoa ndoa. Mimi nikirudi nitachukua ileile ya kawaida.

Mizigo ilifika kila siku kabla yetu, isipokuwa mara moja ilipochelewa hadi saa mbili usiku, tukala chakula cha jioni na nguo za jasho. Namba ya simu ya dharura iliyoandikwa kwenye ratiba ilikuwa haipokelewi baada ya saa kumi na mbili jioni, na hilo sikulipenda. Dharura za baiskeli hazina saa za ofisi.

Lawama yangu kubwa ni ramani ya simu. Faili waliyotupa ilitutoa kwenye barabara nzuri ya lami na kutuingiza kwenye njia ya mashine za kukata miti, karibu na Dun-les-Places: tope la kufika kwenye ekseli, matawi yamelala njiani, na mashimo ya matairi makubwa. Tulisukuma baiskeli. Ukiijua Morvan unaelewa kwa nini hili hutokea. Sehemu kubwa ya msitu ni ya mialoni na miti mingine inayopukutisha majani, mizuri kweli, yenye kivuli chepesi. Ila tangu vita vya pili vya dunia mashamba mengi ya miti ya Douglas kutoka Amerika Kaskazini yamepandwa kwa ajili ya mbao, na yakikomaa hukatwa yote kwa mkupuo. Unatoka kwenye kivuli kizuri na kutokea ghafla kwenye upara wa visiki. Wenyeji wengine hawakubaliani kabisa na ukataji huo, na utaona mabango yao njiani. Njia iliyokuwa safi mwaka jana huenda mwaka huu ni ya malori ya magogo, kwa hiyo ramani ya kampuni inatakiwa kukaguliwa kila msimu. Sisi baada ya hapo tulifuata barabara za lami zenye herufi D na namba yake. Magari ni machache mno. Ng'ombe weupe wa Charolais ni wengi kuliko madereva.

Biashara ya kuni huko ni ya zamani sana. Kuanzia karne ya 16 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Paris iliota moto kwa kuni za Morvan. Magogo yalitupwa kwenye vijito, yakasukumwa na maji hadi Clamecy, yakafungwa kuwa machelezo marefu ya kuni na kuelea kwenye Yonne hadi mto Seine. Ziwa la Settons, tulikolala, ni bwawa lililojengwa katika miaka ya 1850 ili kuhifadhi maji ya kuyasukuma magogo hayo. Leo watu wanaogelea na kukodi mashua. Kuzunguka ziwa kwa baiskeli ni rahisi, na ndicho kipande pekee ambacho tulikwenda bila kusema neno kuhusu gia.

Karibu na hapo ni Montsauche, kijiji kilichochomwa na Wajerumani Juni 1944. Ukishangaa kwa nini nyumba zake si za kale kama za jirani, sababu ni hiyo. Château-Chinon nako François Mitterrand alikuwa meya kuanzia 1959 hadi alipochaguliwa rais 1981. Mbele ya ukumbi wa mji kuna chemchemi ya rangi kali ya wasanii Niki de Saint Phalle na Jean Tinguely, inayozunguka na kurusha maji. Mke wangu aliipenda. Mimi nilikuwa natafuta kivuli.

Mont Beuvray ndiyo siku niliyoithamini zaidi. Juu ya mlima huo, mita 821, palikuwa na Bibracte, mji mkuu wa kabila la Waedui. Hapo ndipo Vercingetorix alipothibitishwa kuwa kiongozi wa Wagaulo, watu wa kale wa Ufaransa, mwaka 52 kabla ya Kristo, na Julius Caesar akakaa hapo majira ya baridi yaliyofuata. Wakati wa Kaisari Augusto wenyeji walihamia bondeni kwenye mji mpya, Autun, ambao malango yake mawili ya Kirumi bado yamesimama. Ukishaupanda mlima ule na mabegi ya pembeni huhitaji mwanahistoria akueleze kwa nini waliuhama.

Chakula kinahitaji mipango. Maduka ya vijijini hufungwa mchana, mikate mingi haipatikani Jumatatu, na kuna vijiji visivyo na duka kabisa. Nunua asubuhi, beba. Maji tulijaza makaburini: karibu kila makaburi ya Ufaransa yana bomba, na waendesha baiskeli wote wanajua. Pakiandikwa "non potable", usinywe. Kwa asiyekula nguruwe, uliza kabla ya kuagiza crapiaud, chapati nene ya kienyeji, kwa kuwa kwa desturi hukaangwa na mafuta au vipande vya nguruwe. Jibini la mbuzi na mkate vilitutosha mara nyingi.

Na kupe wapo, wengi, kwenye majani marefu ya pembeni mwa njia. Wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Kagueni miguu kila jioni. Maduka ya dawa yanauza kidude cha plastiki cha kuwang'olea. Kuanzia Septemba ni msimu wa uwindaji, basi vaa rangi inayoonekana.

Imebaki breki. Miteremko ya Morvan si mirefu lakini ni mikali na ina kona, na barabara ya msituni hubaki na unyevu hadi saa tano asubuhi. Baiskeli ya mke wangu, nzito kama nilivyosema, ilikabidhiwa ikiwa na pedi za breki zilizokaribia kwisha. Fundi wa Château-Chinon alizibadilisha na tukalipa wenyewe. Tulipofika Autun tuliwaonyesha risiti na zile pedi za zamani. Walirudisha fedha hiyo bila ubishi, na amana iliyozuiliwa kwenye kadi ikaachiwa wiki hiyohiyo. Kwa hiyo kabla hujaondoka na baiskeli yao, tazama unene wa pedi kwa macho yako, bana breki zote mbili, na upige picha ya kila mkwaruzo. Nyota nne kati ya tano. Ya tano waitafute kwenye ramani zao.