Kijerumani cha dakika kumi kwa siku: programu ya simu kwa wafanyakazi wa hoteli

Ukifanya kazi ya mapokezi au mkahawani kati ya Nyali na Shanzu, au ng'ambo huko Diani, Kijerumani kina faida. Programu niliyotumia ni ya bure yenye matangazo, na somo moja huchukua dakika tano hadi kumi. Masikio na msamiati inaujenga vizuri. Kusema ni nusunusu, na kuandika hakuna mpaka ubadilishe mipangilio mwenyewe.

Basi anza na mipangilio. Zoezi la kawaida hukutawanyia maneno uyaguse yajipange kuwa sentensi. Hapo unatambua tu, hukumbuki chochote. Zima hicho kipengele, uandike kwa kibodi. Ongeza kibodi ya Kijerumani kwenye simu, la sivyo simu itakugeuzia maneno kuwa ya Kiingereza. Kwa ü, bonyeza u uishikilie. Ikishindikana andika ue, inakubalika. Nomino zote huanza kwa herufi kubwa, lakini programu hii haikukosoi ukizisahau, kwa hiyo jisimamie.

Kozi yenyewe inafundishwa kwa Kiingereza, na maneno ya mwanzo ni paka, tufaha na maziwa. Taulo na bili zinachelewa mno. Weka daftari lako la kazini: der Schlüssel (ufunguo), die Rechnung (bili), das Handtuch (taulo), das Zimmer (chumba). Usiandike nomino bila der, die au das yake. Sisi tumezoea ngeli, kwa hiyo wazo si geni. Taabu ni kwamba umbo la neno mara nyingi halikuambii liko kundi gani. Yanayoishia -ung kwa kawaida ni die, hayo yashike mapema. Rudia orodha kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Penye hatari hasa ni namba na saa, na programu inapita hapo mbiombio. Kijerumani hutaja mamoja kabla ya makumi: vierundfünfzig ni 54, lakini sikio linakamata nne kwanza na mkono unaandika 45. Mizigo inapelekwa chumba cha watu wengine. Dawa yake ni kuandika namba baada ya kusikia neno zima, si njiani.

Saa ni mbaya zaidi. Halb acht ni 7:30, yaani nusu ya kuelekea nane, ambayo kwetu ni saa moja unusu. Anayetafsiri harakaharaka husema nane na nusu, anaandika saa mbili unusu, na mgeni wa kwenda uwanja wa ndege wa Moi anasimama na mabegi saa nzima akingoja teksi. Mgeni akisema halb, mwonyeshe saa iliyoandikwa kwa tarakimu akubali.

Jambo jingine ni du na Sie, namna mbili za kusema "wewe": du ya kawaida, Sie ya heshima. Programu inaanza na du, ya rafiki na mtoto. Kumwita mgeni mtu mzima du ni kama kumpita mzee bila shikamoo. Jifunze kila swali kwa Sie tangu mwanzo.

Matamshi si shida kubwa kwa mtu wa pwani: ch ya Buch ni kh yetu ya kheri (wa bara watajijua). Ile ya ich ni nyepesi, hewa ipite mbele ya kinywa. Kwa ü, sema i huku midomo imeviringwa kama ya u. Maikrofoni ya programu usiiamini sana. Ndani ya matatu au kivukoni Likoni inapitisha chochote au kukataa kila kitu. Fanya mazoezi ya kusema nyumbani, na ya kusikia ukiwa foleni na visikizi masikioni.

Kulipia sioni haja mapema. Malipo yanaondoa matangazo na kikomo cha makosa unayoruhusiwa kufanya, masomo ni yale yale. Na usifukuzie hesabu ya siku mfululizo kwa kurudia somo rahisi usiku wa manane.

Anayelenga mtihani wa A1 (ngazi ya kwanza kabisa) wa Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani ya lugha na utamaduni, aongeze mazoezi ya kujaza fomu na kuandika ujumbe wa maneno kama 30, kwa sababu sehemu ya kuandika inadai hayo. Kusema hufanywa kwa kikundi, kwa kujitambulisha, kuulizana na kuombana vitu, kwa hiyo tafuta mwenzako wa zamu mzoee kuulizana kwa sauti.