Dawa ya kuzuia maji ya saruji na akriliki: paa limepona, ukuta ulitaka tiba nyingine

Nimengoja misimu mitatu ya mvua kabla ya kuandika haya, maana dawa yoyote ya kuzuia maji huonekana nzuri siku ya kupakwa. Hii ni ile inayouzwa vitu viwili kwa pamoja: mfuko wa unga wa saruji na mchanga laini, na dumu la maji meupe ya akriliki, mazito kama maziwa. Niliipaka sehemu mbili, juu ya paa la zege la chumba cha mama na chini kwenye ukuta wa korido. Juu imefanya kazi ambayo nitaishukuru siku zote. Chini haikusaidia kitu, na kosa lilikuwa langu la kuipeleka pasipo mahali pake.

Paa lilikuwa linavujia juu ya kitanda cha mama. Dari ilikuwa na doa la rangi ya chai lililopanuka kila mvua. Fundi wa kwanza alipaka lami, na jua likaikausha ikapasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Safari hii niliikwangua yote kwa patasi na brashi ya waya hadi nikaliona zege lenyewe, kwa kuwa dawa hii hushika saruji. Haishiki lami wala vumbi. Kisha nikalilowesha zege, likabaki na unyevu bila dimbwi. Zege kavu hunyonya maji ya dawa kabla haijakaza.

Tia unga ndani ya maji meupe kidogo kidogo, usifanye kinyume chake, la sivyo utapigana na madonge. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya nusu saa.

Pembe ndiyo iliyonichukua muda mwingi kuliko eneo lote lililobaki, na naomba asomaye asiiharakishe. Paa la zege mara nyingi halivujii katikati. Huvujia pale linapokutana na ukuta wa ukingo, kwa sababu vitu hivyo viwili hutanuka na kusinyaa tofauti jua likiwaka na kuzama, na ufa huanzia hapo. Niliijaza pembe kwa mota nikailainisha iwe mviringo, isibaki kona kali. Nikapaka tabaka la kwanza, na lingali bichi nikalaza ukanda wa wavu wa nyuzi za kioo, nikaukandamiza kwa brashi hadi kila tundu likajaa na weupe wa wavu ukapotea. Ukutani nikaipandisha dawa sentimita 15. Siku iliyofuata nikapaka tabaka la pili kwa kuvuka mistari ya lile la kwanza. Lawama yangu kwa watengenezaji ni hii: wavu hauji na mfuko, na maelezo yanautaja kwa maandishi madogo mwishoni, kana kwamba ni pambo.

Dawa ilipokauka kwa siku saba niliziba tundu la kutolea maji, nikajaza maji kina cha sentimita 5, nikaweka alama ya penseli ukutani, nikaacha siku mbili. Usijaribu hivyo kwenye paa dhaifu. Kina hicho ni kilo 50 kwa kila mita moja ya mraba. Chini dari haikutoa hata tone. Mama amerudisha kitanda chake mahali pake.

Sasa ukuta. Rangi ya korido ilikuwa ikibanduka tangu sakafuni hadi kiunoni, na unga mweupe wa chumvi ukitoka kwenye lipu. Niliipaka dawa ileile kwa ndani. Baada ya miezi michache chumvi ikatokea juu ya mstari nilipoishia. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta yanavyopanda utambi. Ukiyafungia njia ya chini, yanatafuta ya juu.

Ningegundua mapema kama ningefanya kipimo cha nailoni: gundisha kipande ukutani kwa utepe pande zote nne, kiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni mvuke wa hewa ya ndani, na tiba yake ni kufungua madirisha. Yangu yalikuwa nyuma. Nikatoka nje, nikakuta bustani ya maua imefukiwa udongo hadi juu ya lile tabaka la kuzuia unyevu linalotandikwa kati ya msingi na tofali. Udongo unatakiwa ubaki chini yake kwa sentimita 15 hivi.

Nimeuondoa udongo, nikabandua dawa na lipu yenye chumvi, nikapiga lipu ya chokaa ili ukuta upumue. Ukuta hukauka taratibu. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene.

Kwa paa la zege, bafu na tangi la maji nitainunua tena bila kusita. Kwa ukuta unaonyonya kutoka ardhini, usiinunue. Huo wa korido naupima kwa nailoni kila mwezi; mara ya mwisho nilihesabu matone manne, yote karibu na sakafu.