Kompyuta yangu ya kwanza ya gemu: nilivyochagua vifaa Kariakoo

Kwa yeyote anayetaka kuunga kompyuta ya gemu mwenyewe hapa Dar, nasema hivi: pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ichague mapema, na usiibanie hela. Vijana wengi ninaokutana nao madukani Kariakoo wanafanya kinyume. Pesa inaishia kwenye prosesa na kasha la vioo lenye taa za rangi, halafu kwa chenji iliyobaki wanachukua pawasaplai yoyote iliyoandikwa 700W. Na umeme wetu tunaujua, unapanda, unashuka, unakatika. Kifaa cha kwanza kuupokea ni hicho hicho walichokinunua kwa chenji.

Nilikuwa na bajeti ya shilingi milioni mbili na nusu, skrini nikiwa nayo tayari. Karibu kila niliyemuuliza aliniambia nichukue Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba, zile nyembamba, kisha niichomeke kadi ndogo ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Kwa mwenye laki sita au saba anayecheza gemu nyepesi, sipingi kabisa. Shida ni kwamba pawasaplai za mashine hizo ni ndogo na nyingi zina plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo huwezi kubandika ya kawaida. Kadi inayoingia ni ile fupi isiyozidi wati 75, kiasi ambacho tundu la PCIe, pale kadi inapochomekwa, linatoa lenyewe. Siku ukitaka kupanda daraja, unaanza upya. Mimi nilitaka mashine ambayo nitaibadilisha kifaa kimoja kimoja kadiri pesa inavyopatikana.

Turudi kwenye pawasaplai. Niliomba ziwekwe mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na boksi la kuvutia, 700W kwa maandishi makubwa, bei chini ya nusu ya mwenzake. Nilipoinyanyua ilikuwa nyepesi kupita kiasi, na nyuma ilikuwa na swichi nyekundu ya 115/230. Swichi hiyo ikikaa kwenye 115 na wewe ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, unaisikia ikipasuka. Nikageuza nisome stika ya ubavuni: mstari wa 12V uliandikwa ampea 20. Volti 12 mara ampea 20 ni wati 240. Prosesa na kadi ya grafiki zinakula kwenye mstari huo huo wa 12V, kwa hiyo zile 700 za kwenye boksi hazikuwa na maana yoyote kwangu. Ya pili iliandikwa 550W, ina alama ya 80 Plus Bronze, yaani imepimwa kwamba haipotezi umeme mwingi, na mstari wake wa 12V ni ampea 45, yaani wati 540. Haina swichi, inapokea yenyewe kuanzia volti 100 hadi 240. Umeme ukilegea jioni taa zikafifia, yenyewe inaendelea.

"Kaka, si uchukue hii ya 700, ndiyo kubwa?" kijana wa dukani akaniuliza, na aliuliza kwa nia njema. Nikamwonyesha stika zote mbili, akazisoma taratibu, akairudisha ya 700 kwenye shelfu.

Je, 550 zinatosha? Prosesa yangu imepimwa wati 65, kadi wati 132, na madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), feni na diski ukizijumlisha haziongezi mengi. Mashine ikikimbia kwa nguvu zote inacheza kwenye nusu ya uwezo wa pawasaplai, na hapo ndipo inapofanya kazi bila kuchemka.

Prosesa niliyochukua ni AMD Ryzen 5 5600, iliyotoka mwaka 2022. Ina viini (cores) sita na nyuzi (threads) 12, na feni yake imo ndani ya boksi. Hapa jamani someni jina hadi herufi ya mwisho. Kuna 5600, kuna 5600G, kuna 5500, na dukani zote zinaitwa "Ryzen faivu". Ile ya 5600 ina kashe, kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa, ya MB 32, nyingine mbili zina MB 16, na kwenye gemu tofauti hiyo inaonekana. Zile mbili pia zinaishia PCIe 3.0, toleo la zamani. Ila 5600G ina grafiki ya ndani, kwa hiyo mtu ambaye bado hajapata hela ya kadi anaweza kuanza nayo na akacheza FC, ile gemu ya mpira, kwa mipangilio ya chini. Ya kwangu bila kadi haitoi picha hata kidogo.

Madabodi nilichukua yenye chipu ya B550. B450 ni rahisi zaidi na inafaa, lakini ilitoka mwaka 2018, kabla ya prosesa hizi, na iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kugoma kuwaka mpaka BIOS yake, programu ya kuiwashia, isasishwe. Ukiichagua, tafuta kwenye boksi stika inayosema iko tayari kwa Ryzen 5000, au mwambie muuzaji akuwashie hapo hapo.

Kadi ya grafiki ndiyo iliyokula pesa nyingi, na ndivyo inavyotakiwa kwa mashine ya gemu. Nilichukua Radeon RX 6600 ya GB 8, mpya. Nilizipitia za mtumba kwanza. Tangu Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, iache uchimbaji kwa kadi mwezi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikikesha kwenye kazi hiyo zimeingia sokoni, na si mbaya zote. Tatizo ni majina. RX 580 nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutamanisha ni toleo la 2048SP, lenye vitengo vya kukokotoa 2,048 badala ya 2,304 vya RX 580 halisi. Mbaya zaidi ni zile kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zikajiita GTX 1050 Ti. Duka moja lilinipa ya namna hiyo. Nilikuwa na flashi yenye programu ya bure ya GPU-Z inayotambua kadi, nikaomba niiendeshe, na mbele ya jina la kadi likatokea neno FAKE. Nikashukuru, nikaondoka. Beba flashi yako. Muuzaji wa kweli hatakukatalia dakika tano.

Kwa skrini ya 1080p kadi hii imeniridhisha kabisa. FC na GTA V hazishuki chini ya fremu 60 kwa sekunde, na Cyberpunk 2077 naicheza kwa mipangilio ya kati bila kukwama. Ukipenda kung'aa kwa miale ya mwanga (ray tracing), RTX 3060 ya GB 12 inamudu zaidi, ila niliikuta ghali kwa tofauti ambayo mimi nisingeitumia.

RAM ni GB 16 za DDR4 3200, vipande viwili vya nane nane, kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kipande kimoja cha 16 kinabana prosesa. Na ukishawasha mara ya kwanza ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM uliyoilipia 3200 itatembea kwa 2400 au 2666. SSD, yaani diski, ni NVMe (ya kasi, inachomekwa kwenye madabodi) ya TB 1, sina la kuongeza.

Kasha ndilo nililobishana na rafiki zangu. Wao walitaka kioo mbele. Chumba changu Januari kinapita nyuzi 30 mchana, na kioo mbele ni kama kufunika sufuria jikoni. Nimechukua lenye wavu, feni mbili zinavuta mbele na moja inatoa nyuma. Vumbi linaingia, ndiyo, kwa hiyo nalipuliza mara kwa mara huku nimezuia feni kwa kidole zisizunguke.

UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, nayo isomwe kwa wati. Nyingi za 650VA zinabeba kama wati 360 tu, na zinakupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima vizuri, basi. Chukua yenye AVR, inayosawazisha volti zikipanda na kushuka.

Vyote nimevidai risiti ya EFD, na kadi, pawasaplai na madabodi nikaomba namba zake za utambulisho (serial number) ziandikwe juu ya risiti. Bila hizo, dhamana ya mwaka mmoja inakuwa ya mdomo.

Mwenye milioni tatu na nusu kwenda juu asinifuate. Achukue Ryzen 5 7600 na madabodi ya B650: anapata DDR5, na prosesa hiyo ina grafiki ndogo ya ndani, kwa hiyo hata kadi ikipelekwa kwa fundi mashine bado inawaka na kuonyesha picha.