Duka la kubadilisha dola katikati ya Kampala: nyota nne, ila piga simu kwanza

Mimi naleta spea za pikipiki kutoka Guangzhou, nauza soko la spea la Kisekka hapa Kampala, kwa hiyo maduka ya dola mjini nimeyazunguka karibu yote. Hili jina lake nalihifadhi maana nina malalamiko, ila tuanze na mazuri. Reti yao iko vizuri, mara ya mwisho nilinunua kwa shilingi 15 chini ya benki yangu kwa kila dola moja, sasa piga hesabu kwa dola 6,000, hiyo ni 90,000 imebaki mfukoni. Noti wanahesabu mbele yako mara mbili, risiti wanatoa bila kuombwa. Ukiwa unauza, peleka za 100 mpya, za 1 na 5 wanazikata bei na zile za zamani wanaziangalia kama umeziokota.

Malalamiko sasa. Jumanne moja nimepanda zile ngazi zao nyembamba jasho linanitoka, ubao unaonyesha bei nzuri tu, naomba 6,000, jamaa wa kaunta ananiambia leo hatuna ssebo, yaani bwana. Hatuna vipi wakati nyuma ya kioo naona dada anafunga mabunda kwa raba? Akacheka kidogo, akasema zile zipo ila zina wenyewe, mwenye mafuta anakuja kesho na mwingine Alhamisi. Nilitoka nimenuna, na Mchina wangu akagoma kupakia mzigo mpaka wiki iliyofuata.

Lakini nikiwa kwenye boda nikaanza kuona jamaa ana haki. Hata akiba ya nchi iko hivyo hivyo, tunatangaziwa mabilioni ya dola yaliyoko Benki Kuu, yanatosha miezi kadhaa ya kuagiza bidhaa, tunafurahi, hakuna anayeuliza ngapi zina wenyewe. IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, wana fomu yao ya akiba, ukurasa wa kwanza ni pesa zilizopo, halafu zinafuata zile ambazo tayari zinajulikana zitatoka ndani ya mwezi, ndani ya miezi mitatu, ndani ya mwaka, mkopo na riba yake, dola zilizouzwa kwa ahadi, halafu tena kuna zile ambazo ZINAWEZA kutoka kama dhamana ya serikali ikidaiwa. Fomu hiyo ilikuja baada ya sarafu ya Thailand kuanguka 1997, wale walionyesha watu akiba zaidi ya dola bilioni 30 kumbe kama bilioni 23 wameshaziahidi kwenye mikataba ya mbele, yaani ya kutoa dola siku za baadaye. Sefu imejaa lakini daftari limejaa zaidi.

Kwetu wenye dola tunawajua. Mafuta yote ya gari tunanunua nje. Madeni ya nje yana tarehe zake. Kampuni za wageni zikifika msimu wa gawio zote zinataka dola kwa pamoja, hapo ndo ubao unaanza kucheza. Na mwanzo wa 2024 mnakumbuka, Kenya walitoa hati fungani ya riba kama asilimia 18, wazungu waliokuwa wameshika hati zetu wakauza wakahama, na hao hata kwenye ile fomu hawamo maana deni lao ni la shilingi, wanakuja sokoni kugombania dola na mimi. Benki Kuu ikapandisha riba Machi hadi asilimia 10, Aprili 10.25. Hapa dukani walikuwa wanafuta bei asubuhi na mchana. Siku hizi kahawa imetubeba, tuliuza nje ya zaidi ya dola bilioni 2 mwaka wa fedha 2024/25, kwa hiyo pumzi ipo.

Basi nilirudi. Sasa napiga simu Jumatatu, jamaa ananiandika kwenye daftari, Alhamisi nakuta zangu zimefungwa. Wiki jana kuna mzee mmoja wa suti alikuwa mbele yangu anafoka, anaonyesha bunda kwa kidole, na jamaa kwa upole ule ule, samahani muzee, hizo zina mwenyewe. Nikaangalia viatu vyangu.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya ubao, kama huuzi leo andika hatuuzi leo. Njoo na kitambulisho, Jumamosi wanafunga mapema, na feni ni moja tu, iko upande wao wa kioo.