Mbegu hai ya diatomu ya ncha za dunia: nyota nne, ukiwa na baridi ya kuaminika

Fragilariopsis cylindrus ni diatomu, yaani mwani wa seli moja; huishi kwenye barafu ya bahari, Aktiki na Antaktika. Mbegu ya kuagiza ni CCMP1102 (namba yake kwenye hazina ya mwani), ileile ambayo jenomu yake, yaani DNA yake nzima, ilichapishwa 2017. Tyubu isiyo na namba usiilipie.

Mzigo ukifika, angalia rangi kabla ya kusaini. Mbegu nzima inafanana na chai ya rangi nyepesi. Ikiwa imegeuka kijani, imeungua njiani: rangi ya kahawia imevunjika, klorofili ya kijani imebaki peke yake. Hiyo hairudi. Nyuzi 4 ndizo zake, kwenye 10 tayari inataabika. Friza nayo ni kosa. Huko baharini inakaa kwenye vijifereji vya maji chumvi yasiyoganda, haikai ndani ya barafu yenyewe.

Chakula ni f/2 (mchanganyiko wa virutubisho vya mwani unaotiwa kwenye maji ya bahari) pamoja na silikati, maana gamba lake ni la kioo na bila silikati haigawanyiki. Tengeneza akiba ya gramu 30 za sodiamu metasilikati (yenye maji 9) kwa lita, uihifadhi kwenye plastiki, kisha tia mililita 1 kwa kila lita ya maji ya bahari. Chemsha maji kwanza, yapoe, ndipo uitie akiba hiyo kupitia chujio la mikromita 0.2, tone kwa tone huku unakoroga. Ukiichemsha pamoja na maji, inaganda chembe nyeupe ambazo wengi hudhani ni bakteria, wakamwaga chupa nzima bure.

Chakula kilale usiku mzima nyuzi 4 kabla ya kupandikiza. Mililita 5 za mbegu kwa 45 za chakula, kifuniko kilegee kidogo, tikisa taratibu mara moja kwa siku. Taa iwe hafifu: kwenye baridi seli hunasa mwanga kama kawaida lakini vimeng'enya vya kuutumia huenda polepole, nguvu inayozidi ikaziunguza. Balasti ya taa (kifaa chake cha umeme, hutoa joto) ikae nje ya friji.

Kwenye hadubini, mkuzo wa 400, utaona njiti za kiberiti zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Harakisha, slaidi hutoka jasho na taa huzipasha seli.

Friji ya nyumbani inayofunguliwa kila saa? Nyota moja. Kwa somo la usanisinuru tu, diatomu nyingine, Chaetoceros muelleri, inavumilia joto la pwani.