Watoto wa kasa wakiingia baharini: uende Watamu au Juani?

Kwa gharama, Watamu ni nafuu: ukishafika Mombasa, unapanda matatu ya Malindi na kuendelea. Kisiwa cha Juani, Mafia, Tanzania, kinataka ndege au boti kutoka bara hadi Mafia, kisha mashua kutoka kijiji cha Utende, kisha mguu hadi ufukwe wa upande wa pili.

Kwa uhakika, naipa Juani, hasa Juni hadi Septemba. Wahifadhi wa Sea Sense, shirika la kulinda kasa, huhesabu siku za kila kiota hadi mayai kuanguliwa, takriban 60, ndipo wakakwambia uje lini. Watamu nako viota hulindwa, na usipobahatika kuna kituo cha kutibu kasa. Kokote uendako, tafadhali usiwashike watoto wa kasa, watambae wenyewe.

Mwenye wiki nzima, Mafia. Mwenye siku mbili na watoto wadogo, Watamu.